Tuko Kolwezi, shaba haikosekani: algi ku majani ya akwariumu

Leo naandika juu ya kosa yangu, sababu najua kuko bengine kati yetu benye kupata kazi sawa hii.

Mwenye hoteli moja hapa Kolwezi aliniita. Alisikia niko "injenieri wa majani". Ku mlango alikuwa na akwariumu ya lita 200, majani ya kweli ndani, hapana ya plastiki, lakini kila jani ilifunikwa na kile kintu cha kijani cha kuteleza. Kwa miye, bila kazi tangu nimalize lisanse, ile ilikuwa makuta ya nyumba ya mwezi muzima. Nikajiambia: hii ni algi, na ku shule tulijifunza kama shaba inaua algi. Tuko Kolwezi, shaba haikosekani! Nikatia kijiko kidogo cha sulfati ya shaba. Kesho yake asubuhi samaki zote zilikuwa zinaelea, tumbo juu.

Hesabu nilifanya nyuma, wakati ilipashwa kuwa mbele. Kijiko kidogo ni karibu gramu 5. Mu sulfati ya shaba ya kawaida, robo ya uzito njo shaba yenyewe: gramu 1.25. Gawanya mu lita 200, unapata zaidi ya miligramu 6 kwa lita moja. Benye kutumia shaba juu ya kuua vijidudu vya samaki banabakia karibu na miligramu 0.2 kwa lita, na banapima kila siku. Miye nilipita mara 30. Tena kama mayi haina chokaa mingi, sumu inakuwa kali zaidi. Shaba inashika ku matamvua, samaki anakosa pumuzi. Konokono njo zinakufa za kwanza.

Ile mchanganyiko wa Bordeaux, ile Millardet alijulisha mu mwaka 1885 juu ya mizabibu, ni shaba na chokaa, na inanyunyizwa ku jani inje, mu hewa. Haikutengenezwa juu ya sanduku la vioo lenye banyama ndani.

Sasa, algi inatoka wapi? Haiko ugonjwa. Ni mea sawa mengine, inatafuta mwangaza na chakula. Pale hoteli, taa ilikuwa inawaka saa 18 kila siku, sababu bageni banapenda kuangalia. Majani yanatosheka na saa 6 mpaka 8. Ile inabakia inakuwa ya algi. Na jani nyingi pale zilikuwa Anubias, mea ya mapori yetu ya Congo, jani ngumu, inakomea polepole sana. Jani moja inakaa miezi mingi chini ya taa. Algi iko na wakati wa kujenga nyumba.

Batu bengine banasema: ondoa engre yote, algi itakufa njaa. Hapana. Mukumbuke Liebig: chakula kile kinapunguka zaidi njo kinasimamisha mea. Ukikosesha Anubias azoti ao potasi, inasimama, jani inazeeka, na algi inakaa juu yake. Mea yenye nguvu njo mukinga wa kwanza.

Uangalie tena ni ya aina gani. Vumbi ya kahawia mu akwariumu mpya ni diatomi. Pangusa na kidole, mara mingi inaisha yenyewe kisha wiki kadhaa. Shuka ya kijani-bluu yenye harufu mbaya haiko algi hata, ni bakteria: inyonye na mupira, kisha funika akwariumu na blangeti siku 3. Ndevu nyeusi, kata jani, usijisumbue.

Niliomba mwenye hoteli nianze upya, samaki nikanunua na makuta yangu. Nilitosha muchanga wote, sababu shaba inabakia mule. Jani mbaya nilikata, zingine nilisugua na mswaki wa zamani. Taa saa 7, na kama SNEL inakata, saa zile hazirudishwe usiku. Kila wiki nabadilisha mayi, sehemu moja ya tatu. Samaki banapewa kile banamaliza mu dakika mbili.

Kisha nikaongeza Ceratophyllum, ile inakomea mbio na kula nitrati mbele ya algi. Inapatikana mu mayi ya kusimama, lakini angalisho: usiingie na miguu wazi. Konokono za Bulinus na Biomphalaria zinabeba bilarzia. Vaa buti na ganti, tosha kila konokono na mayai chini ya jani. Na ile inazidi, kausha ku jua, usiitupe mu Musonoi.

Jani mpya ya kwanza ya Anubias ilitoka ku wiki ya tano, safi. Zile za zamani ziko bado na matone ya kijani. Nazikata moja-moja, kila mara mbili mpya zinatoka.