Safura Isisingiziwe Uzee

Mzee anapoanza kuhema akipanda kilima kidogo, viganja vikapauka, na jembe likamshinda kabla ya jua kupanda, jamaa zake husema kwamba ni umri. Katika sehemu zenye joto na unyevu, kama mwambao wa Afrika Mashariki, yafaa kwanza kuuliza habari za minyoo ya safura.

Mayai ya minyoo hiyo hutoka pamoja na kinyesi na huanguliwa katika udongo wenye unyevu na kivuli. Baada ya siku 5 hadi 10, lava huwa tayari kupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Huchukuliwa na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, kisha hujishikiza katika utumbo mwembamba. Humo mnyoo mmoja wa aina ya Necator americanus humpotezea mtu kiasi cha mililita 0.03 za damu kwa siku. Ni kidogo mno, lakini minyoo 200 hupoteza mililita 6, zenye takriban miligramu 3 za madini ya chuma. Mwili wenye afya hufyonza miligramu 1 au 2 tu kwa siku kutokana na chakula. Hata sehemu ya chuma hicho ikifyonzwa tena na utumbo, pengo hubaki.

Kwa mzee pengo hilo ni gumu kuzibwa. Meno yakishang'oka, nyama huachwa. Hubaki ugali, mchicha na chai ya rangi, nayo chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma cha mboga kisifyonzwe vyema.

Uchunguzi uliofanywa Pemba katika miaka ya 1990 ulionyesha jinsi safura inavyowapunguzia damu watoto wa shule. Lakini safura si kama mchango, unaowaelemea hasa watoto. Mara nyingi huongezeka hadi utu uzima. Hata hivyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2017 kuhusu ugawaji wa dawa za minyoo uliwalenga watoto, wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa. Babu hakutajwa, ingawa hulima udongo uleule wanaouchezea wajukuu.

Albendazoli ya miligramu 400 huua wengi wa minyoo hao, lakini hairudishi damu. Vidonge vya chuma huhitajiwa kwa miezi kadhaa. Kipimo kitangulie, kwani damu ya mzee huweza kupungua kwa sababu nyingine zilizo hatari zaidi. Tena, kioo cha kinyesi kilichotayarishwa kwa njia ya Kato-Katz hakina budi kutazamwa kwa hadubini katika muda wa saa moja hivi. Kikicheleweshwa, mayai ya safura hufifia yasionekane, na mzee huambiwa kwamba hana minyoo.