Udongo wa Kalinzi Si wa Kufunikia Taka

Jalala linalotunzwa vema hufunikwa kila baada ya taka kumwagwa, na kwa desturi kifuniko hicho ni udongo. Kazi yake ni kuwazuia nzi, panya na korongo, kupunguza uvundo na kuuzuia moto usienee. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliofungua kesi Mahakama Kuu mwaka 1988 kulipinga jalala la jiji, waliyajua vema madhara ya moshi na harufu ya taka zilizoachwa wazi.

Kipimo kilichozoeleka ni tabaka la sentimita 15. Tukikipeleka kipimo hicho Kalinzi, katika milima iliyo kaskazini mwa mji wa Kigoma, hesabu yake inatisha. Jalala dogo la mita 10 kwa 10, likifunikwa mara moja tu kwa juma, humeza mita za ujazo 15 za udongo. Kwa mwaka, 780. Hiyo ni sawa na kukwangua shamba la zaidi ya robo hekta hadi kina cha sentimita 30, yaani tabaka lote lenye rutuba! Miteremko ya huko hulimwa kahawa, migomba na maharagwe. Penye shimo la kuchimbia udongo, mvua humalizia kazi: tope hushuka kwa vijito hadi Ziwa Tanganyika na kufunika miamba ya kandokando ambako aina nyingi za samaki huzaliana.

Kalinzi ina kitu kingine kwa wingi, nacho ni mabaki ya kahawa. Kilo 5 au 6 za matunda mabivu hutoa kilo 1 tu ya buni safi. Lakini si kila baki lifaalo. Maganda mabichi yatokayo kwenye mashine ya kumenyea yamejaa maji na sukari. Ukiyamwaga jalalani umewaandalia nzi karamu. Hayana budi kwanza kuozeshwa pamoja na majani ya migomba hadi yawe mboji. Mboji iliyokomaa, yenye unyevu wa kiasi, ina sifa ya pekee: imejaa vijidudu vinavyokula methani itokayo kwenye taka. Maganda makavu ya ndani hupunguza uvundo, ila hushika moto upesi. Yachanganywe na majivu yaliyopoa kabisa, kisha yanyunyiziwe maji yasipeperuke.

Msomaji atasema mboji ni mali ya shamba. Ni kweli, nami ningependa iende huko kwanza. Ile iliyochanganyika na vigae au plastiki ndiyo ibaki jalalani. Ikipungua, turubai zito hutandazwa jioni na kukunjwa asubuhi. Halidumu sana, lakini halili nafasi ya shimo. Udongo uwekwe akiba kwa siku ya kulifunga jalala lenyewe.