Msaada wa Sheria kwa Wenye Ulemavu wa Shella

Katika mtaa wa Shella, mjini Malindi, baina ya Msikiti wa Juma wenye makaburi yake ya kale ya nguzo na ufuo ambako wavuvi hupandisha vyombo vyao, iko desturi njema ambayo haikuanzishwa na serikali yoyote: mtu mwenye ulemavu haachwi peke yake na shida yake. Jirani humpelekea sahani ya wali, ndugu aliyeko Mombasa au Arabuni humtumia chochote apatacho, na Ramadhani inapoingia zaka humfikia mlangoni pake. Desturi hiyo ni ya kushukuriwa na kudumishwa. Walakini imewazoesha wengi kudhani kwamba hata kile kitokacho katika hazina ya serikali ni sadaka vilevile, na kwa kuwa mpewa sadaka hana ruhusa ya kumuuliza mtoaji kwa nini mwaka huu amempita, mwenye ulemavu akiambiwa na karani kwamba jina lake halimo, huinamisha kichwa, hushukuru, akarudi nyumbani.

Dhana hiyo haina msingi katika sheria ya Kenya. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na yaibebesha dola jukumu la kuwasaidia wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Na kifungu cha 54 chawataja watu wenye ulemavu bayana, na kuagiza watendewe kwa heshima na staha. Kabla ya hapo, mwaka 2008, Kenya ilikuwa imekwisha kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na sheria ya mwaka 2003 iliyokuwa ikiwahusu sasa imepokewa na sheria mpya iliyotiwa saini Mei 2025. Mwenye kwenda dirishani, basi, aenda kudai kilicho chake.

Mlango wa kwanza ni kuandikishwa katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mwombaji hupimwa na waganga katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, taarifa yao hujazwa katika fomu, na siku hizi maombi yenyewe hupitia mtandao wa eCitizen. Kadi itokayo huko ndiyo ufunguo wa mambo mengi, na mojawapo ni kwamba mwenye mshahara aweza kuomba asitozwe kodi ya mapato katika shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Lakini walio wengi katika nyumba za Shella hawana mshahara wa kusamehewa kodi. Wao hutazamia Inua Jamii, mpango utoao shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kuangaliwa wakati wote, ambaye nyumba yake ni maskini na hapokei pensheni wala ruzuku nyingine ya serikali. Na fedha hizo aghalabu hupokewa na mlezi wake. Ni kiasi kidogo, wala sitasema vinginevyo. Hata hivyo katika nyumba ambayo mama hawezi kwenda kuuza samaki kwa kuwa mwanawe haachiki hata saa moja, kidogo hicho ndicho unga na mafuta ya taa, na mwenye kukikosa bila ya sababu ya haki amedhulumiwa.

Watu wakisikia msaada wa sheria, fikira zao huenda mahakamani moja kwa moja, kwa wakili mwenye joho na hakimu juu ya kiti. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya msaada huo, na iliyo bora zaidi, yapasa kutolewa mapema mno kabla ya hapo, wakati karatasi zingali zimefungwa katika mfuko wa plastiki na kubanwa kwapani. Tuzitazame karatasi zenyewe. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mwanaisha, kitambulisho kimeandikwa Mwana Isha, na kadi ya hospitali imeandikwa Aisha. Babake ni Mohamed mahali pamoja, Muhammad mahali pengine, na pa tatu limewekwa jina la babu. Shella nzima yajua kwamba ni mtu mmoja. Tarakilishi ya serikali haijui, nayo huyakataa maombi pasipo kueleza. Dawa yake si ngumu: ni hati ya kiapo, iliyoandikwa kwa utaratibu na kuapwa mbele ya kamishna wa viapo, ikithibitisha kwamba majina yale yote ni ya mtu yule yule. Mwenye elimu kidogo ya sheria huimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi; asiye nayo huenda na kurudi mwaka mzima.

Hali kadhalika kuna jambo la kitambulisho cha mlezi, ambacho kwa jamaa wengi wa pwani hakikupatikana kwa wepesi, kwa sababu ya maswali marefu ya asili na nasaba waliyoulizwa. Mlezi asiye na kitambulisho hafunguliwi akaunti, na hapo mwenye ulemavu huadhibiwa kwa upungufu usio wake. Mwenye kutoa msaada wa sheria huanzia hapo, hata kama aliitwa kwa ajili ya ulemavu.

Sasa tuseme karatasi zimekamilika, na bado jina halikutoka. Kwanza ieleweke kwamba mpango huu una idadi yake ya watu na bajeti yake, kwa hiyo mtu aweza kustahiki na hata hivyo akaambiwa angoje; hakuna wakili awezaye kuumba nafasi isiyokuwapo. Awezalo ni kuhakikisha kwamba jina limo katika orodha ya wanaongoja, na kwamba sababu iliyotajwa ni ya kweli. Na hapa sheria imempa mnyonge nyenzo ambayo watu wachache wanaijua. Kifungu cha 47 cha Katiba chasema kwamba mtu ambaye haki yake imeguswa vibaya na uamuzi wa ofisi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Na Sheria ya Utendaji wa Haki katika Utawala, ya mwaka 2015, yamtaka afisa aliyeombwa sababu azitoe kwa maandishi katika muda uliowekwa, na yaongeza kwamba akishindwa kuzitoa, mahakama itauchukulia uamuzi ule kuwa ulifanywa bila ya sababu njema, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hebu msomaji azingatie uzito wa maneno hayo. Kauli ya dirishani, "Bi, njoo mwezi ujao," haina tarehe wala saini, na haiwezi kukatiwa rufani popote. Lakini barua ya mistari mitano, iliyopigwa muhuri wa kupokewa, huanza kuhesabu siku dhidi ya ofisi yenyewe.

Barua isipojibiwa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile ijulikanayo na wengi kwa jina la Ombudsman, ambayo haitozi ada. Ikishindikana kabisa ndipo mahakama hufikiriwa, na Malindi ina Mahakama Kuu yake. Kifungu cha 22 cha Katiba chamruhusu mtu kufungua kesi ya haki za msingi kwa niaba ya asiyeweza kujitetea mwenyewe, na chaagiza asitozwe ada ya kuifungua.

Nani atamwandikia barua hiyo? Katika Marekani, ambako maombi mengi ya mafao ya ulemavu hukataliwa mara ya kwanza, wakili huchukua kesi bila ya malipo ya awali, na akishinda hupewa mpaka robo ya malimbikizo ya mteja wake, kwa kipimo kilichowekwa na serikali. Njia hiyo haitatufaa. Sheria ya Mawakili ya Kenya haitambui mapatano ya wakili kulipwa endapo atashinda tu, na hata kama ingeyatambua, robo ya shilingi 2,000 haimlipi wakili nauli. Ndiyo maana msaada wa bure kwetu ni jambo la lazima. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya wasio na uwezo, na ikawatambua wasaidizi wa kisheria, yaani watu wa mitaani waliofunzwa sheria pasipo kuwa mawakili. Nje ya serikali kuna Kituo cha Sheria, kilichoasisiwa mwaka 1973 na chenye tawi Mombasa, na shirika la haki za binadamu la MUHURI, lililoanzishwa huko huko Mombasa mwaka 1997. Kwa Kadhi watu huenda pia, kwa imani waliyo nayo kwake, lakini mamlaka yake ni ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu kwa Waislamu. Ruzuku ya serikali haimo.

Aliyelemazwa na kazi ana njia nyingine kabisa, na yafaa asichanganye hizi mbili. Kijana aliyevunjika uti wa mgongo katika viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni, au aliyeanguka kwenye jengo la hoteli, hulindwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo kwa ulemavu kamili wa kudumu hukadiria fidia ya mapato ya miezi 96. Dai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika miezi 12. Asiyeridhika na uamuzi wake hupinga katika siku 60, kisha yako mahakama ya kazi, nayo imo Malindi. Fedha hizi ni nyingi kuliko zile za Inua Jamii, na kwa hiyo muda wake ukipita hasara yake ni kubwa zaidi. Mvuvi mwenye ngalawa yake mwenyewe, kwa bahati mbaya, hana mwajiri wa kumdai, na sheria hiyo haimfikii.

Wapo wanaozunguka mitaani wakiahidi kuliingiza jina kwa malipo. Hao wasipewe hata senti, wala wasikabidhiwe kitambulisho, kwa maana kujiandikisha katika Inua Jamii hakuuzwi. Na yeyote atakayetozwa fedha katika ofisi yoyote adai stakabadhi.

Mawakili wa Malindi, ambao ofisi zao haziko mbali na Shella, nawaomba watoe asubuhi moja ya kila mwezi, wakae barazani msikitini au shuleni, waandike hati za kiapo na barua za kuomba sababu. Nawe msomaji uliyejaliwa kuandika, ikiwa yuko jirani yako aliyerudishwa dirishani kwa maneno matupu, mwandikie barua hiyo wiki hii. Itie tarehe, ipelekeni pamoja, mkabaki na nakala yenye muhuri.