Rangi Inayong'aa Katika Upasuaji wa Saratani: Inaonesha Nini?



Wakati wa likizo, tukiwa katika kazi za kichungaji mjini Babati, tulimtembelea mzee mmoja wa jumuiya ndogo ndogo. Alikuwa na uvimbe pajani. Kwa kuwa haukuuma, alikaa nao muda mrefu akiamini ni mafuta tu. Baadaye ulikatwa katika kituo kimoja cha afya na kidonda kikapona, lakini kinyama hakikupelekwa kupimwa. Baada ya miezi kadhaa uvimbe ulirudi, mkubwa kuliko wa kwanza. Safari hii kinyama kilipimwa, ikaonekana ni saratani ya tishu laini. Mzee akatuuliza, "Mafrateri, kama waliutoa, huu umetoka wapi?"

Kwa sababu ya swali hilo tumesoma, na sasa tunaandika.

Ugumu wa kuona mwisho wa uvimbe

Tishu laini ni misuli, mafuta, neva, mishipa ya damu na nyuzi zinazounganisha viungo. Saratani inayoanzia humo huitwa sarkoma. Sarkoma ya Kaposi, inayojulikana zaidi kwetu kwa uhusiano wake na VVU, hutibiwa zaidi kwa dawa. Kwa sarkoma nyingine nyingi tiba kuu ni upasuaji: daktari huondoa uvimbe pamoja na nyama kidogo yenye afya inayouzunguka.

Shida ni kwamba kwa macho, nyama yenye ugonjwa na nyama yenye afya zinaweza kufanana kabisa. Daktari akikata kidogo, seli za saratani hubaki na uvimbe unaweza kurudi. Akikata sana, anaweza kugusa neva au mshipa mkubwa, na mgonjwa akapoteza nguvu za mguu.

Rangi inavyosaidia

Indosianini ya kijani ni rangi iliyoanza kutumika katika tiba miaka ya 1950, kwanza kwa vipimo vya moyo na ini. Ikimulikwa kwa mwanga wa infraredi, ambao jicho letu haliuoni, nayo hutoa mwanga wake ambao kamera maalumu huunasa na kuuonesha kwenye skrini.

Kwa sarkoma, rangi hii hudungwa kwenye mshipa siku moja kabla ya upasuaji. Mishipa ya damu ya uvimbe hukua kwa haraka na bila mpangilio, hivyo huvuja. Rangi hupenya na kubaki humo. Kwingine mwilini ini huiondoa kupitia nyongo. Kesho yake uvimbe hung'aa, na nyama ya pembeni hubaki giza. Daktari akishautoa, humulika sehemu iliyobaki wazi. Akiona doa linalong'aa, anaweza kukata tena kabla ya kushona.

Huko Newcastle, Uingereza, madaktari wameifanyia utafiti njia hii katika jaribio liitwalo SarcoSIGHT, wakiilinganisha na upasuaji wa kawaida.

Ishara si kitu chenyewe

Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba ishara hutupeleka kwenye kitu kingine zaidi ya kile tunachokiona. Rangi hii haiijui saratani. Inaonesha tu mahali mishipa inapovuja. Sehemu iliyovimba kwa maambukizi inaweza kung'aa pia, na sarkoma inayokua polepole inaweza isiwake. Tena mwanga huo haupenyi ndani sana, takribani sentimita moja tu. Mkulima wa Babati anaelewa: mawingu juu ya Mlima Kwaraa ni dalili ya mvua, lakini si kila wingu hunyesha. Neno la mwisho hubaki kwa mtaalamu wa patholojia na hadubini yake.

Na sisi je?

Mzee wetu hakukosa kamera ya infraredi. Alikosa kipimo cha kinyama kabla ya kisu. Hata teknolojia bora haiwezi kuchukua nafasi ya hatua hiyo.

Kwa hiyo tunawasihi: uvimbe unaokua, ulio ndani ya nyama, unaorudi baada ya kukatwa, au unaozidi sentimita 5, uonwe na daktari hata kama hauumi. Si kila uvimbe ni saratani. Ulio mwingi si saratani. Lakini kabla ya kukubali ukatwe, uliza: "Kinyama kitapimwa wapi, na majibu lini?" Kuuliza hivyo si kumkosea daktari heshima. Ikibidi, omba rufaa kwenda KCMC Moshi, Bugando Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Tulimjibu mzee kwamba huenda uvimbe ulitoka kwenye mabaki yaliyokuwa hayaonekani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wajukuu zangu waambieni mapema."

Amepata rufaa ya kwenda Moshi, na jumuiya yake imechanga nauli. Tunaomba mumkumbuke katika sala.