Mabega Yako Yako Wapi Sasa Hivi?

Hebu acha kusoma kidogo, uyaangalie mabega yako. Kama uko maktaba na UE ni wiki ijayo, bila shaka yamepanda, yanataka kugusa masikio. Hukuyapandisha kwa makusudi.

Mimi nimepanga chumba Kariakoo, jirani na Mtaa wa Kongo. Kutoka mlangoni hadi kwenye daladala ya Chang'ombe ni kukwepa tu: mkokoteni, bodaboda, jamaa mwenye robota la mitumba kichwani anayepiga kelele "pisha, pisha!" Ubongo ukiona hatari, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, na misuli ya taya, shingo na mabega inakaza, tayari kwa kukimbia au kupigana. Hatari ikipita, misuli ilegee. Sasa kwetu haipiti. Baada ya mkokoteni kuna konda, baada ya konda kuna prezentesheni, halafu kodi ya chumba na bumu halijaingia. Misuli haitofautishi bodaboda na mtihani, inakaza tu. Ikikaa hivyo kutwa nzima inachoka, inauma, na kichwa kinaanza kugonga kuanzia kisogoni.

Dawa ya wengi wetu ni diklofenaki ya duka la jirani, tunagawiana kama pipi. Ukiimeza kila siku inaweza kukuachia vidonda vya tumbo, na sisi wenyewe ni watu wa mlo mmoja.

Daktari mmoja wa Marekani, Edmund Jacobson, alitoa kitabu mwaka 1929 kuhusu jambo hili. Njia yake ni rahisi: kaza msuli kwa makusudi, kisha uachie, ili mwili uhisi tofauti. Kumwambia mtu "tulia bwana" hakusaidii, kwa sababu hajui hata kama amekaza.

Pandisha mabega taratibu huku ukivuta pumzi puani. Hesabu hadi tano. Yaachie yashuke yenyewe huku ukitoa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyovuta, maana moyo hupunguza mwendo wakati wa kutoa pumzi. Rudia mara tatu, nne. Achanisha meno. Geuza shingo kulia na kushoto, ukifika inapogoma usilazimishe. Ukilazimisha, msuli unajihami na kukaza zaidi.

Wapagazi wa sokoni wanalijua hili bila kitabu (na jina Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza). Watazame pale Msimbazi: akishatua mzigo, anakung'uta mikono, anazungusha kiuno, ndipo anabeba mwingine. Sisi tunatoka lekcha moja kuingia nyingine tumejikunja vilevile.

Kwa walimu watarajiwa kuna zaidi. Shingo ikikaza, koo nalo linakaza, sauti inakuwa nyembamba, na darasa la watoto themanini litakusikia unaogopa kabla hujaandika tarehe ubaoni.

Haya mazoezi hayalipi kodi. Na kama maumivu yanashuka mkononi na ganzi, au kifua kinabana, nenda hospitali.

Kwenye daladala iliyojaa hadi mlangoni, mabega hayana hata nafasi ya kupanda. Hapo tumia vidole vya miguu: vikunje ndani ya kiatu, hesabu tano, achia. Hakuna atakayeona.