Rangi Haijui Ulichobadilisha

Swali la kwanza halinikeri. "Mwalimu, nimebadilisha herufi moja tu, mbona git inasema nimefuta mstari mzima na kuweka mwingine?" Ni swali zuri, na mwanafunzi makini lazima aliulize. Linalonichosha ni lile linalolifuata: "Basi nipe programu itakayonionyesha hasa nilichokifanya." Vijana wanaoandika programu kati ya Ukunda na Msambweni, kwa ajili ya nyumba za wageni za Diani, mashua za Shimoni na maduka yanayolipwa kwa M-Pesa, wameniuliza hilo hadi nimeona heri nilijibu kwa maandishi. Programu hiyo haipo, na haiwezi kuwapo, kwa sababu ulichokifanya hakikuandikwa popote.

Git, programu inayotunza matoleo ya kazi yako, haikukuona ukiandika. Tangu Linus Torvalds alipoianzisha mwaka 2005, kila unapohifadhi toleo yenyewe huweka faili lote kama lilivyo wakati huo. Baadaye huyabana mafaili hayo ili yasijaze diski, lakini kubana huko hakuna uhusiano wowote na rangi unazoziona kwenye skrini. Ukiita `git diff`, inachukua matoleo mawili na kukokotoa papo hapo: mistari ipi ifutwe, ipi iongezwe, ili la kwanza ligeuke la pili kwa hatua chache kadiri inavyoweza. Hesabu hiyo ni ya zamani. James Hunt na Douglas McIlroy waliandika ripoti yake, iliyotolewa na Bell Labs mwaka 1976, na njia aliyoichapisha Eugene Myers mwaka 1986 ndiyo git inayoitumia hadi leo usipoiagiza vingine. Kwa hesabu hiyo mstari haugawiki. Ukiongeza nukta moja, mstari ule si ule tena; unafutwa, na mwingine unawekwa.

Rangi iliyokolea ndani ya mstari hutokana na hesabu ya pili, iliyojengwa juu ya ile ya kwanza, na hapa ndipo watu wanapopotea. Programu hutwaa mstari mmoja uliofutwa na mmoja ulioongezwa, ikakisia kwamba huu umetokana na ule, ikatafuta vinavyofanana, kisha ikakoleza kilichobaki. Narudia: ikakisia. Chukua `diff-highlight`, inayosambazwa pamoja na git yenyewe. Hukata mwanzo unaofanana, hukata mwisho unaofanana, na cha katikati hukikoleza chote. Ukigusa neno la pili na neno la mwisho la mstari, yote yaliyo baina yake yatawaka hata kama hukuyagusa. Mistari iliyofutwa ikiwa miwili na iliyoongezwa ikawa mitatu, haikolezi chochote, kwa kuwa haijui ni upi wa kulinganishwa na upi.

Sasa ilete kwenye Kiswahili, lugha ambayo programu hizi hazikutengenezwa zikiifikiria. Ujumbe wa mfumo wa malipo ulikuwa "Malipo yamepokelewa". Mtu ameubadilisha ukawa "Malipo hayajapokelewa". Ukilinganisha neno kwa neno, neno zima la pili linawaka, herufi kumi na mbili zikafutwa na kumi na nne zikawekwa, nawe huoni kwa haraka kwamba kitenzi ni kilekile na kilichogeuka ni kukubali kuwa kukanusha. Basi linganisha herufi kwa herufi. Mashine inatafuta ilichobakiza kutoka "yame" ndani ya "hayaja". Inaweza kusema: imeongezwa "ha", "ya" imebaki, "me" imekuwa "ja". Inaweza pia kusema: imeongezwa "ha", "y" imebaki, ikaingizwa "aj", "a" ikabaki, "me" ikafutwa. Hesabu zote mbili zinafuta herufi mbili na kuongeza nne. Kwa mashine ziko sawasawa, na itachagua mojawapo kwa kanuni ya ndani ambayo haina habari na viambishi. Msomaji wa Kiswahili anaona mara moja kwamba ya kwanza ina maana na ya pili haina. Wala hakuna hata moja inayokuambia mwandishi alifanya nini. Pengine alifuta sentensi nzima akaiandika upya. Pengine aliinakili kutoka faili jingine. Matokeo ni yale yale, na rangi ni ile ile.

Hilo lingekuwa jambo la kitaaluma tu kama watu wasingejenga juu yake imani mbaya zaidi: kwamba kilichokolezwa kikiwa kidogo, badiliko ni dogo. Nimeona watu wakiidhinisha kazi za wenzao kwa kupitisha macho kwenye alama zinazowaka tu, mstari wenyewe wasiusome. Tazama basi. Daraja, mfumo wa Safaricom unaounganisha programu yako na M-Pesa, hurudisha namba iitwayo `ResultCode`. Ikiwa 0, malipo yamefaulu. Ikiwa 1032, mteja ameghairi. Kwenye msimbo wako pana `if (ResultCode == 0)`, na kijana amekuletea `if (ResultCode != 0)`. Kinachowaka ni alama moja tu, ya mshangao badala ya ile ya sawasawa ya kwanza. Ukiidhinisha, aliyelipa hapati chumba, na aliyeghairi anatumiwa risiti na kukabidhiwa ufunguo. Kwenye faili hilohilo huenda kuna maelezo ya aya nzima yaliyoandikwa upya, yanawaka kuanzia juu hadi chini, na programu inaenda kama ilivyokuwa jana. Ukubwa wa rangi haupimi uzito wa badiliko.

Halafu kuna dawa ya mtaani. Sijui nani alianza kuieneza, lakini imefika mpaka Lunga Lunga: "Weka `-w` kila wakati, uchafu wote utaondoka." Kweli, `git diff -w` hupuuza nafasi tupu, na faili lililopangwa upya huonekana safi. Lakini wengi wa wanaoitumia dawa hii wanaandika Python, ambamo nafasi iliyo mwanzoni mwa mstari ndiyo sheria yenyewe. Umeandika: malipo yakiwa yamefaulu, hifadhi rekodi, kisha `tuma_risiti(mgeni)`, na amri zote mbili zimeingizwa ndani chini ya sharti moja. Mtu ameurudisha mstari wa `tuma_risiti` kushoto, ukatoka nje ya sharti. Sasa kila mgeni anapata risiti, amelipa asilipe. Ukilinganisha kwa `-w`, skrini haikuonyeshi chochote: si rangi nyekundu, si kijani. Umeiambia mashine isikuonyeshe, nayo imetii. Kuifanya `-w` iwe mazoea ya kila siku ni kujifumba macho penye hatari. Itumie kama jicho la pili, ukishasoma kwa jicho la kwanza, na kwenye lugha ambazo nafasi hazina kazi.

Yapo pia mabadiliko yanayowaka ilhali jicho halioni kitu, na waandishi wa Kiswahili huyapata zaidi. Una orodha ya maeneo ya Kwale unakopeleka mizigo: Tiwi, Gazi, Ramisi, Vanga, Ng'ombeni. Mwenzako ameifungua kwenye simu, na simu imeigeuza alama iliyonyooka ya ng' kuwa ile iliyopinda. Ulinganisho unakukolezea Ng'ombeni, wewe unayaona maneno mawili yakifanana, unalaumu git na kuendelea. Kwa kompyuta ni alama mbili tofauti, U+0027 na U+2019, na anayeitafuta Ng'ombeni kwa kibodi yake ya kawaida ataambiwa haipo. Hapa rangi ilikuwa na haki. Mstari ukiwaka bila sababu unayoiona, tafuta sababu. Iendeshe `grep` kwa ile alama iliyopinda kwenye faili zima.

Ya kufanya, basi, kwa haraka. `git diff --color-words` inafaa kwa maandishi marefu, na `git diff --color-words=.` hushuka hadi herufi, ambayo kwa vitenzi vyetu mara nyingi husomeka vizuri zaidi. Matokeo yakikaa kiajabu, jaribu `--histogram`; ni faili lilelile kwa hesabu nyingine, na kuona majibu mawili kutakuponya imani ya kwamba lipo moja. `--color-moved` huipa rangi yake mistari iliyohamishwa bila kubadilishwa. Anayetaka skrini nzuri zaidi aweke delta. Anayetaka ulinganisho unaoelewa muundo wa lugha ya programu aweke difftastic. Faili zima likiwaka kwa sababu mmoja wenu anatumia Windows na alama za mwisho wa mistari zimebadilika, tibu chanzo kwa `* text=auto` ndani ya `.gitattributes`, na kwa muda tumia `--ignore-cr-at-eol`. Kupanga upya nafasi na mistari kuhifadhiwe kama toleo la peke yake, kusichanganywe kamwe na badiliko la maana. Katika mafaili ya tafsiri na maelezo, weka sentensi moja kwa mstari mmoja. Na mstari wowote unaogusa pesa usiuidhinishe kwa kuusoma peke yake: uendeshe kwa 0, uuendeshe kwa 1032, uone ni lini risiti inatoka.