Kuhani wa Mwaka kwenye Kishikio cha Mtungi

Amfora ya Wayunani wa kale, ule mtungi wa kusafirishia divai baharini, ilipovunjika, tumbo lake jembamba lilisagika. Vishikio vyake viwili, kwa kuwa ni vinene, vilibaki. Na ni hapo hapo ambapo wafinyanzi wa kisiwa cha Rhodes walipiga mihuri yao, udongo ukiwa bado mbichi.

Kwa kawaida kishikio kimoja kilibeba jina la mwenye karakana na cha pili jina la kuhani wa Helios, mungu wa jua. Mara nyingi mwezi nao ulitajwa. Kuhani huyo alishika wadhifa kwa mwaka mmoja, na Warhodes waliuita mwaka kwa jina lake. Kwa hiyo kigae kinachoenea kiganjani chaweza kututajia mwaka na mwezi mtungi ulipofinyangwa. Sijui kitu kingine cha matumizi ya kila siku kutoka enzi hizo kinachosema waziwazi kiasi hicho.

Ila jina peke yake si tarehe. Lazima kwanza makuhani wapangwe kwa zamu zao. Mwenye karakana aliyefanya kazi chini ya makuhani kadhaa huwaunganisha. Karakana nyingine huongeza wengine, na mnyororo unarefuka. Kisha hutafutwa tukio lenye mwaka unaojulikana. Warumi waliibomoa Carthage mwaka 146 KK, basi mihuri iliyolala chini ya kifusi chake haiwezi kuwa ya baadaye.

Mwanaakiolojia Mmarekani Virginia Grace aliitumikia kazi hii maisha yake yote, akichambua maelfu ya vishikio kutoka Agora, soko la kale la Athens. Kisha, mwaka 1960, wachimbaji walifukua kambi ya kijeshi huko Koroni, pwani ya Attica. Sarafu za Ptolemaio wa Pili, mfalme wa Misri, ziliihusisha kambi hiyo na vita vya miaka ya 260 KK, ilhali mihuri ya amfora, kwa tarehe zilizokuwa zikikubalika, ilionekana kuwa ya zamani zaidi. Mabishano yalikuwa makali. Mwaka 1974 Grace mwenyewe alichapisha marekebisho, akazishusha tarehe zake, yaani zikawa za baadaye, na ufinyanzi mwingine uliokuwa umepewa tarehe kwa mihuri hiyo ukalazimika kushushwa pia. Namheshimu sana kwa hilo. Mwaka 2001 Gérald Finkielsztejn aliipanga upya orodha ya makuhani wa Rhodes, kuanzia takriban 270 hadi 108 KK, na baadhi yao wakasogea tena.